"Mungu haji, anakuja bibi tu na sahani": nilivyowafundisha wanangu kumuona Mungu kwa watu

Naandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye mambo nyumbani kwake yameharibika ghafla, ana watoto wadogo wanaomuuliza maswali ya Mungu na yeye mwenyewe hata nguvu za kujibu hana. Mimi nimepita hapo, na kuna vitu nilivijifunza kwa watoto wangu ambavyo naamini vitamfaa mtu, kwa hiyo ngoja niseme vyote, vya hela na vya machozi.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Mwisho wa mwezi wa pili 2025 alikuwa juu anapiga plasta, jukwaa likakatika, akaanguka, mfupa wa paja ukavunjika. Sisi tunaishi Mbagala, nyumba ya kupanga, vyumba viwili, mimi natembeza nguo za mtumba, bima hatuna. Sasa kama huna bima unajua inavyokuwa, eksirei kesh, dawa kesh, kitanda kesh, na operesheni ya kuweka chuma yenyewe tuliambiwa ni zaidi ya milioni. Tukauza friji, tukauza TV, mtaji wangu wa nguo nao ukaliwa hivi hivi naangalia. Na watoto wapo wawili, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6, wanataka kula, wanataka nauli ya shule, wanataka kujua baba anarudi lini.

Watoto wangu ni wa sandei skuli, kuomba wanajua. Kila usiku walikuwa wanapiga magoti, Mungu mponye baba, Mungu tupe hela ya hospitali, amina. Na mwaka ule Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 Machi, yaani nyumba nzima tukawa kwenye mfungo, Waislamu na Wakristo pamoja. Chumba cha mbele anakaa bibi mmoja, Muislamu, mjane, anauza kaimati na sambusa pale kona jioni. Basi huyo bibi kila magharibi akawa analeta sahani kwetu imefunikwa na kawa, leo mihogo ya nazi, kesho magimbi, keshokutwa tambi. Hakuna aliyemwomba. Mimi narudi hospitali saa tatu, saa nne usiku nakuta watoto wameshiba wamelala, hapo nakaa chini nalia peke yangu.

Sasa siku moja nimewahi kurudi, tunaomba pamoja, mdogo akafumbua macho katikati ya sala akasema, "Mama, mbona tunaomba kila siku lakini Mungu haji, anakuja bibi tu na sahani?"

Dada yake akacheka. Mimi sikucheka, maana nilimuona mtoto yupo siriasi kabisa, alikuwa kweli anasubiri. Kichwani mwake Mungu akija atakuja kwa namna ya Mungu, labda na mwanga, labda mlango utagongwa na mtu mrefu amevaa nyeupe, na kila jioni mlango ukigongwa anakimbia kufungua anakuta ni bibi, anapokea sahani, anarudi kusubiri. Lile swali lilinifungua mimi kabla halijamfungua yeye. Tunawaambia watoto Mungu atajibu, Mungu atatenda, afu hatuwaambii akijibu inakuwaje, inaonekanaje kwa macho. Mtoto anabaki anaangalia juu wakati jibu limeingia kwa mlango limeshikilia sahani.

Usiku ule sikuwa na hubiri. Nikamsimulia stori ya Eliya na mjane wa Sarepta, ipo 1 Wafalme 17, na nawashauri wazazi waanze na hiyo kabla ya nyingine zote kwa sababu ni stori ya unga na mafuta, na mtoto wa uswahilini unga na mafuta anavijua. Kuna njaa, mvua hakuna, Mungu anamwambia Eliya nenda Sarepta, nimemwagiza mjane mmoja huko akulishe. Eliya anafika anamkuta mama anaokota kuni, amebakiwa na konzi ya unga apike yeye na mwanawe wale halafu wasubiri kufa. Sasa angalia hapo. Mungu kasema nimemwagiza, lakini ukisoma unaona yule mama hana habari kama ameagizwa! Yeye anaona mgeni tu mwenye njaa anaomba mkate. Nilimwambia mwanangu, yule mama ametumwa na hajui kama ametumwa. Akauliza, "Kwa hiyo hata bibi hajui?" Nikasema inawezekana hajui. Akakaa kimya, afu akasema kesho tumwambie.

Na kesho yake kweli akamwambia. Bibi alikuwa ameinama kwenye karai, anachota ule unga wa kaimati kwa vidole, anaubana kati ya kidole gumba na cha shahada unadondoka kwenye mafuta mviringo kabisa, mtoto kasimama pembeni anamwambia, "Bibi, wewe umetumwa na Mungu ila hujui." Bibi akaacha kuchota, akamwangalia, akasema, "Alhamdulillah mjukuu wangu, kaa hapo mbali na mafuta."

Mtoto akakaa akawa anaangalia. Ndo akaona kitu ambacho mimi nisingeweza kumfundisha kwa maneno. Bibi alikuwa akitoa kaimati kwenye mafuta anazipitisha kwenye shira, anazipanga kwenye beseni la kuuza, halafu kutoka kwenye beseni hilo hilo la kuuza anatoa anaweka kwenye sahani yetu. Akamuuliza, "Bibi, hizi si za kuuza?" Akajibiwa ndio, za kuuza. Usiku akaniambia mimi, mama, bibi anatupa kaimati za hela. Tangu siku hiyo hakukimbia tena kuchukua sahani na kurudi ndani, akawa anasimama mlangoni anasema asante bibi kwa heshima mpaka anashangaza. Kwa hiyo la kwanza ninaloshauri ni hilo, mtoto aone gharama. Asione chakula kimefika tu. Aone kwamba yule dada aliyekuja kukufulia hospitalini kaacha biashara yake, yule mjomba aliyetuma elfu ishirini naye ana watoto wanadaiwa michango shuleni. Mtoto akiona gharama, akisikia Mungu amemtumia mtu, anaelewa kwamba hilo si jambo jepesi.

Kuna ndugu wa mume alikuja kutuona, akasikia watoto wanamshukuru bibi, akawaambia, "Msishukuru binadamu nyie, mshukuruni Mungu peke yake, binadamu ni njia tu." Ni mtu mzima, nilimheshimu, sikumjibu mbele ya watoto. Ila wakawa wamechanganyikiwa, binti akaniuliza sasa tusiseme asante? Aliyemaliza ile kesi ni bibi mwenyewe. Alisema kwao kuna hadithi ya Mtume, kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Mimi Mlutheri na hadithi ile niliipokea kwa mikono miwili, na mpaka leo ni sheria ya nyumbani kwetu. Nilimalizia kwa mfano wa maji, maana kwetu bomba ni moja la uani, nikawaambia maji yanatoka mto Ruvu huko mbali, lakini nani kati yenu amewahi kunywa Ruvu? Tunakunywa bombani. Ukisahau Ruvu umekosea, na ukilipiga teke bomba umekosea vilevile.

Kwa hiyo tukawa na namna yetu. Tukishaomba usiku, kabla ya kulala kila mtu anasema leo Mungu alipitia kwa nani. Mtu mmoja tu anatosha. Na sio lazima, mtoto akisema leo hamna, ni sawa, tunalala. Hilo naomba mlizingatie sana kwa sababu nimeona mama mwenzangu wa jumuiya alilichukua akaligeuza mtihani, mtoto asiposema jina anafokewa huna shukrani, matokeo yake watoto wakaanza kutunga. Mtoto aliyechoka anataka kulala. Mtoto aliyemlilia baba yake mchana kutwa anaruhusiwa asione kitu siku hiyo.

Majina waliyokuwa wanayataja yalinishangaza. Mimi nilitegemea watamtaja mchungaji, watawataja waliotuletea hela. Binti yangu siku moja akamtaja konda. Wa Dar mnajua habari ya wanafunzi na daladala, nauli yao mwaka ule ilikuwa shilingi 200 kwa hiyo makonda wengi hawawataki, gari linasimama mbele kidogo wakubwa wanapanda watoto wanaachwa wanakimbiza. Sasa siku hiyo konda mmoja aliwazuia wakubwa mlangoni akasema wanafunzi kwanza, akawaingiza wote, na binti yangu akapata siti, akafika shule kabla ya namba. Akaniambia, "Mungu leo alikuwa konda." Nikamrekebisha taratibu, konda ni konda, ana majina yake na nyumba yake, ila Mungu alipitia kwake. Huo mstari naona tuuchore mapema, kwa sababu mtoto akidhani yule mtu ndiye Mungu, siku mtu huyo akikosea au akikasirika imani yote inaanguka naye. Mdogo alisema kuhusu nesi wa zamu ya usiku aliyembadilishia baba yake shuka huku anapiga miayo, "Nesi alikuwa na usingizi lakini Mungu hakuwa na usingizi." Hilo nililiacha kama lilivyo.

Kabla ya operesheni tukaambiwa tulete ndugu wachangie damu. Mimi ndugu zangu wako Singida. Nikawapigia mafundi wenzake, wakaja wawili kwa bodaboda kutoka saiti na vumbi lao la saruji mpaka kwenye kope, na yule kijana wa bodaboda aliyewaleta akasikia kinachoendelea naye akapaki akasema mnitoe na mimi. Simjui mpaka leo. Kwa wasiojua, anayechangia anatakiwa awe na miaka 18 mpaka 65, kilo zisipungue 50, mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke minne, na damu haiuzwi, mtu akikuambia nipe hela nikupatie chupa ya damu huyo ni tapeli, nenda kaulize ofisini. Nilipowaeleza watoto nikawaambia ukweli kwamba damu aliyowekewa baba sio ya wale watatu, yao itaenda kwa wagonjwa wengine, ya baba imetoka benki ya damu, kwa mtu aliyechangia zamani na wala hatufahamu. Binti akasema jina lake nani? Nikasema hakuna anayejua. Basi wiki nzima kwenye maombi kukawa na mtu anaitwa "mwenye damu", Mungu mbariki mwenye damu, Mungu mpe mwenye damu chakula. Kama unataka njia ya kumfundisha mtoto kwamba kuna wema anaoupokea kutoka kwa mtu ambaye hatamuona maisha yake yote, damu ndo somo lenyewe.

Sasa niseme yale magumu, maana hii stori ukiisimulia nusu inakuwa kama kila kitu kilikuwa kitamu.

La kwanza, bosi wa ile saiti. Alileta laki moja siku ya kwanza, baada ya hapo simu hapokei. Watoto walikuwa wanasikia tunavyoongea, mdogo akauliza, "Bosi yeye hakutumwa?" Hapa wazazi wengi tunakwepa au tunamtukana mtu mbele ya mtoto. Nilimpeleka kwenye Msamaria Mwema, Luka 10, nikamwambia kabla ya Msamaria walipita wawili, kuhani na Mlawi, wakamuona yule majeruhi kabisa wakapita upande wa pili. Mungu anaweza kumtuma mtu na mtu akakataa kwenda. Na mtu mwema wa stori ile alikuwa ni wa kabila ambalo Wayahudi walikuwa hawapatani nalo, kwa hiyo binti alipouliza kama Mungu wetu anaweza kumtuma bibi Muislamu jibu nikawa nalo tayari, Yesu mwenyewe ndiye aliyelitoa. Lakini pia sikutaka watoto wajifunze kwamba wema wa majirani unamfutia mwenye wajibu. Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mtu akiumia kazini mwajiri anatakiwa kutoa taarifa, na sisi wa kazi za kibarua wengi hatulijui hilo mpaka tumeumia. Fuatilieni mapema, andikeni tarehe, tunzeni makaratasi ya hospitali. Na hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, mimi nilienda huko nimechelewa kuambiwa, na walinisikiliza, wakaniruhusu kulipa kidogo kidogo. Afisa ustawi yule naye alitajwa usiku ule nyumbani.

La pili lilikuwa zito kuliko yote. Kitanda cha pembeni ya mume wangu kulikuwa na baba mmoja, ajali ya pikipiki, watoto wangu walimzoea kwa sababu siku za kutembelea alikuwa anawaita wachumba zake anawagawia chungwa. Akafariki. Binti akaniuliza kwenye daladala tunarudi, watu wamejaa, "Mama, yeye Mungu hakumtumia mtu?" Sikuwa na jibu na nikamwambia sina. Nilichoweza kumwambia ni kile alichokiona mwenyewe kwa macho, kwamba mke wake alikuwa pale amemshika mkono, nesi alikuwa pale, na baba yako alikuwa anampa maji kwa kijiko wakati yeye mwenyewe hawezi kukaa. Watu walikuwepo. Hakupona, ila watu walikuwepo. Akaniegemea tukaenda hivyo hivyo mpaka Mbagala. Tafadhali mzazi, mtoto akikuuliza hilo swali usimwambie yule hakuwa na imani, usimwambie Mungu anatupenda sisi zaidi. Utampa mtoto Mungu anayetisha.

La tatu ni usalama, na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Ukishamfundisha mtoto kumuona Mungu kwa watu wema, lazima siku hiyo hiyo umfundishe kwamba sio kila anayetoa ni mwema. Nikiwa hospitali mchana kutwa watoto wako na majirani, kulikuwa na kijana mpangaji wa nyumba ya nyuma alianza kumpa binti yangu biskuti, afu akamwambia usimwambie mama. Asante Mungu aliniambia, na aliniambia kwa sababu tulishazoea kusema usiku nani katufanyia nini. Nilienda kwa mwenye nyumba, tukaenda kwa mjumbe, yule kijana akakanywa na hakusogea tena. Nikawawekea watoto kanuni fupi, wema wa Mungu hauombi siri. Mtu akikupa kitu akasema usiseme nyumbani, rudisha na useme. Akitaka mwende pembeni, kataa, kimbia, sema. Ile namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure, waandikieni watoto sehemu wanaiona, kwetu ipo ukutani juu ya ndoo ya maji.

Kitu kingine kilichojitokeza chenyewe, watoto wakaanza kutaka na wao watumwe. Binti akawa anamchotea bibi maji ndoo ndogo kabla ya shule. Mdogo akampa mwenzake nusu ya andazi, akarudi ameshinda na njaa, ananiangalia kama anasubiri nimpigie makofi. Nilimkumbatia, nikamuuliza mwenzako alifurahi? Akasema ndio, alikuwa hajala. Tukaishia hapo. Sikutaka kumpa zawadi kwa sababu niliona angeanza kugawa andazi ili aje asimulie, na usiku ule ule tukaendelea na ya wengine.

Iddi ilikuwa Machi 31, mume wangu bado yuko wodini. Pasaka, Aprili 20, alikuwa nyumbani kwa magongo, kakonda, hasira za karibu karibu, maana mwanaume akikaa ndani bila kazi inamla. Nayo niliwaambia watoto, baba ana maumivu, hajawachukia. Kuna usiku ilipofika zamu yake ya kutaja akasema, "Mama yenu." Basi.

Na kuhusu hela tulizosaidiwa. Tulikaa na daftari, upande mmoja waliotupa, upande wa pili waliotukopesha, na watoto wanaujua upande wa pili vizuri kama wa kwanza. Waliotupa tumewapitia mmoja mmoja kwa miguu, na watoto, hata kama ni mtu wa elfu mbili, tumeenda tumekaa tumesema asante, kwa simu haitoshi kama mtu yuko jirani. Waliotukopesha tunalipa. Nimeona watu wakishakopeshwa wanasema Mungu alinifungulia mlango, na aliyekopesha akidai anaonekana mbaya, mtoto anaangalia hayo yote. Mimi nilipopata tena mtaji kidogo wa nguo na baba yao akaanza kazi nyepesi za kupiga rangi, tukaanza kulipa, na hela nawapa wao wapeleke nikiwa nimesimama nao. Mpaka sasa tumebakiza mwenye duka la kona, 85,000. Binti ameiandika nyuma ya daftari lake la hisabati, na kila Jumamosi jioni anakuja na peni ananiuliza wiki hii tunakata ngapi.